Robo ya Nne ya Wafunga Duka

Nilikuwa nimeshashuka ngazi za nje, ufunguo wa basi mkononi, ukumbi ulipolipuka makofi nyuma yangu. Sikugeuka. Nilipouacha, ubao ulikuwa unasoma sabini na moja kwa ishirini na sita, na robo ya tatu ndiyo kwanza imekwisha. Mechi ya namna hiyo hata kuku anajua inaishia wapi.

Bawabu wa chuo kile, maana tulikuwa wageni, alikuwa amekalia tairi bovu karibu na lango, anachokoa kucha kwa njiti ya kiberiti.

"Mzee, imekwisha?"

"Bado robo moja."

"Sasa mbona unatoka?"

"Imekwisha."

Alicheka mpaka njiti ikamdondoka. "Nyinyi watu mna dharau nyinyi!"

Haikuwa dharau, ilikuwa kazi. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa basi la chuo chetu. Mwanzo wa msimu wasichana wetu walikuwa wamekwenda mahali wakawafunga wenyeji tisini na mbili kwa kumi na tisa, na wenyeji wakalizunguka basi saa nzima wakiimba na kulipigapiga mbavu kama ngoma. Hakuna aliyeumia, lakini kioo kimoja kilipata ufa. Toka siku hiyo kocha akasema filimbi ya mwisho ikilia, basi liwe limeshageuzwa, liko mlangoni, linanguruma. Kwa hiyo robo ya tatu ikiisha, mimi natoka. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, na ilikuwa kweli. Kweli yenyewe haikuishia hapo, lakini hiyo nyingine nilikuwa sijaulizwa.

Nilikuwa na miaka sitini na nne. Nimeendesha malori, nimechimba visima, nimewapikia wajenga barabara kambini, nimelinda ghala la mbegu mpaka nikaota mahindi. Shule niliisoma vipande vipande: darasa la kwanza mji mmoja, la tatu mji mwingine, la pili sijalipata mpaka leo, na nadhani ndimo walimofundisha watu kukaa mahali pamoja. Kazi ya basi nilitafutiwa na binti yangu, mkunga wa hospitali ya mji ule, siku nilipomtokea mlangoni na begi moja na viatu viwili visivyofanana. Hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza, "Safari hii utakaa, Baba?" Nikamwambia nitakaa. Mjukuu wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa mwaka wa mwisho pale chuoni, anasomea upimaji wa maji, na alikuwa katika timu ya kikapu.

Timu ile, niseme nini. Mechi kumi na saba walikuwa wamecheza, kumi na saba wameshinda, na si kushinda kwa kubahatisha. Katikati alisimama msichana waliyemwita Mnara, ambaye alikuwa akipita mlangoni anainama kwa mazoea hata mlango ukiwa mrefu. Pembeni alikuwapo Shoto, anatupa kwa mkono wa kushoto kutoka mbali, kizembezembe, kama mtu anayetupa maganda dirishani, na mpira unaingia. Kocha alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa biolojia. Filimbi ilikaa shingoni mwake wiki nzima na sijapata kuisikia ikipulizwa. Alikuwa akitaka jambo, anakutazama mpaka ulifanye.

Sasa kocha huyu alikuwa na taratibu yake. Robo tatu za kwanza wanacheza wakubwa, akina Mnara na Shoto. Robo ya nne wakubwa wanavaa masweta, wanakaa, wanakula machungwa, na wanaingia watano wa akiba. Hao wa akiba wenyewe walijiita wafunga duka. Walikuwa wakisema: sisi hatuuzi, sisi tunafagia na kufunga mlango.

Na wafunga duka walikuwa na kanuni. Katika mchezo huu timu ikipata mpira ina sekunde ishirini na nne za kutupa, na iko saa ndogo ya taa nyekundu juu ya kikapu inayozihesabu. Kocha alisema, tukizidi pointi thelathini, hakuna kukimbilia kikapu tena. Mnazungushiana mpira, taratibu, mpaka saa isome tatu, ndipo mmoja atupe. Hata njia ikiwa nyeupe mbele yako, hupiti. Unaurudisha mpira nje na kungoja tatu. Ukipita, kesho yake unakimbia mizunguko kumi. Yeye mwenyewe usichana wake alipata kuwa katika timu iliyofungwa pointi mia na nne, na waliowafunga walicheka mpaka dakika ya mwisho. Rafiki yake waliyekuwa wakicheza pamoja hakugusa mpira tena baada ya siku hiyo. "Aliyekwisha kuanguka hasukumwi," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia.

Mkuu wa wafunga duka alikuwa mjukuu wangu. Wenzake walimwita Kufuli. Miaka minne alikuwa katika timu, na miaka yote minne kazi yake ilikuwa robo ya nne.

Sasa hesabu mwenyewe. Mimi natoka robo ya tatu ikiisha. Yeye anaingia robo ya nne ikianza.

Siku ile ya sabini na moja kwa ishirini na sita, tulipokuwa njiani kurudi, alikaa kiti chake cha siku zote, kile cha nyuma ya dereva. Wenzake nyuma walikuwa wakimtania Mnara kwamba refa alimwogopa, kila akitaka kumpulizia filimbi anatazama juu kwanza kama mtu anayeangalia mvua. Mjukuu wangu hakucheka nao. Aliinamia bega langu.

"Babu, leo nimechezaje?"

"Vizuri sana, mama. Kama kawaida yako."

"Uliniona pale nilipoanguka?"

"Nilikuona. Nikasema huyu hajavunjika, huyu ni damu yangu."

Taa za gari lililokuwa likija zilipita juu ya kioo.

"Nilikuwa nimevaa namba ngapi?"

"Kumi na mbili. Si yako hiyo?"

"Kumi na mbili ilichanika asubuhi. Nimecheza na jezi ya akiba, namba nne. Na sikuanguka, Babu. Hakuna aliyeanguka leo."

Nilibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Basi likalalamika.

"Sikulaumu," alisema. "Najua kazi yako. Lakini msimu mzima unanipeleka na kunirudisha, na hujaniona nikicheza hata dakika moja. Kila siku natazama kile kiti chako, kiko kitupu. Zimebaki mechi tatu. Nikimaliza chuo naingia maabara, mpira basi, sichezi tena. Nataka unione. Mara moja tu. Si jambo kubwa."

"Nitakuona," nikasema.

"Haya."

Alilisema neno hilo kama mtu anayepokea shilingi na kuitazama pande zote mbili.

Mechi iliyofuata ilikuwa nyumbani kwetu, hapakuwa na haja ya kugeuza basi wala kulingurumisha. Nilikaa kiti changu cha mwisho wa safu, karibu na mlango. Filimbi ya robo ya tatu ikalia, na miguu ikasimama yenyewe. Wallahi sikuiambia. Nilijikuta nje, naangalia tairi ambazo nilikuwa nimeshaziangalia, na mlango wa ukumbi umefungwa nyuma yangu kwa sababu watu walijaa hadi kwenye ngazi. Nilipofanikiwa kupenya, wasichana walikuwa wanapeana mikono. Mjukuu wangu alipita mbele yangu na taulo shingoni. "Shikamoo, Babu," akasema, basi.

Jumapili yake nilikwenda kwa binti yangu. Alikuwa anakunja nguo zake za kazi sebuleni, ameziweka marundo mawili, na redio inasema chini chini. Nilikaa ukingoni mwa kochi.

"Kaa mpaka nyuma, Baba. Kochi halina miiba."

Nikarudi nyuma kidogo.

"Mtoto ameniambia," akasema.

"Ni kazi, mwanangu. Basi lazima—"

"Juzi basi lilikuwa limelala hapo chuoni." Hakupandisha sauti. Alikunja vazi, akalipiga kofi liwe bapa. "Unajua kazi yangu mimi ni nini? Watu wanadhani ni kuzalisha. Mama anazaa mwenyewe. Kazi yangu ni kungoja. Saa sita, saa kumi, naulizwa maswali, natukanwa, nang'ang'aniwa mkono, na sitoki. Nikitoka nusu saa tu, mtoto ataamua kuja nusu saa hiyo hiyo. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Najua nilikukosea ulipokuwa mdogo."

"Hayo nimeyamaliza. Mimi uliondoka nikiwa darasa la nne, ukarudi nina mimba, tukaongea, yakaisha. Sisemi habari zangu. Nasema huyu mtoto anaomba dakika kumi. Hata mgonjwa wa meno anakaa dakika kumi."

Nilicheka, naye akacheka, na akanipa rundo moja nikunje. Sikujua kukunja vile anavyotaka, akazikunjua zote na kuanza upya.

Nusu fainali nilikwenda nimejikaza kisabuni. Niliegesha basi kichwa nje tangu kabla ya mechi ili nisipate kisingizio. Robo ya tatu ikaisha, wetu sitini na tisa, wenzetu thelathini na tatu. Miguu ikataka, nikaikatalia. Wafunga duka wakavua masweta. Nikamwona mjukuu wangu anaingia, akajifunga vizuri kamba za kiatu, akainua macho, akanikuta kitini. Alitabasamu upande mmoja.

Ndipo mlinzi aliponigusa bega. "Wewe ndiye mwenye basi? Umeziba lango. Gari la maji limekuja, jikoni hakuna hata tone, wapishi wananitoa roho."

"Dakika kumi tu, ndugu yangu."

"Mzee, wapishi hao huwajui."

Nilikwenda mbio, kwa mbio zangu zile. Kulitoa basi pale, kupisha gari la maji, kupata pa kuegesha, kurudi: wasichana walikuwa wanapeana mikono. Safari hii yalikuwa maji, si miguu, lakini nani angenisadiki? Alinisadiki yeye. "Imebaki moja," akasema, akapanda basi.

Fainali ilichezwa mji mwingine, mwendo wa saa tano. Tulifika mapema. Niliegesha basi barabarani kabisa, mbali na kila lango, likitazama nyumbani, halafu nikamfuata kocha aliyekuwa akihesabu mipira kwenye mfuko.

"Kocha, nishikie huu." Nikampa ufunguo.

"Wa nini?"

"Ukikaa kwangu unanitoa nje."

Alinitazama kwa ule mtazamo wake. Safari hii sikuona la kufanya, nilikuwa nimeshalifanya. Akauweka mfukoni. "Mzee una mambo wewe," akasema.

Wapinzani wetu walikuwa wa chuo cha ualimu. Wafupi, hawana hata mmoja wa kumfikia Mnara begani, na jezi zao zilifuliwa mpaka namba zikafifia. Wasichana wetu waliwaona wakipasha misuli, wakanong'onezana. Lakini mimi kwa kukaa na madereva nilikuwa nimesikia habari zao. Msimu ule walishinda mechi sita kwa pointi moja au mbili. Wale walikuwa watu wa kuishi na maji shingoni, wameshayazoea, wanaogelea humo humo.

Robo ya kwanza wetu walipata kumi na nane kwa tisa, nikasema basi ni yale yale. Robo ya pili wale wakaanza kumbana Mnara wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kama watu wanaohamisha kabati. Robo ya tatu ilipokwisha ubao ulisoma hamsini na mbili kwa arobaini na nane. Pointi nne tu.

Miguu ikasimama kidogo. Mama mmoja wa upande wa wale, aliyekaa jirani yangu, akanihurumia. "Baba unatafuta choo? Ni kule nyuma ya ngazi."

"Hapana mama. Nakaa."

Nikakaa. Mjukuu wangu upande wa pili alikuwa ameshavua sweta na kusimama kwenye mstari, yeye na wenzake wanne, maana ndiyo desturi, robo ya nne ni yao. Kocha aliwatazama. Halafu akatazama ubao. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya msimu mzima.

"Kaeni kwanza, wanangu," akasema, na wakubwa wakarudi uwanjani.

Mjukuu wangu alikaa. Hakulivaa tena sweta, alilikunja juu ya magoti. Akatazama upande wangu. Mimi nimekaa, na yeye amekaa, tunatazamana kuvuka uwanja kama watu wawili walioachwa na basi moja. Nilikuja kumwona akicheza, na siku hiyo moja niliyobaki kitini ndiyo siku ambayo hachezi. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Dakika za mwanzo sikuangalia mpira sana. Nilimwangalia yeye. Ndipo nilipogundua kwamba anahesabu. Midomo ilikuwa ikienda, macho yako kwenye saa ndogo nyekundu, kichwa kinatikisika kidogo kila mpira ukitupwa kabla ya wakati wake.

Na wakubwa walikuwa wanautupa kabla ya wakati wake. Tangu msimu uanze hawakuwahi kucheza robo ya nne hata moja. Walijua kufungua duka na kuuza, hawakujua giza linaingiaje. Walikimbia kana kwamba mechi ndiyo inaanza, na pumzi hazikuwepo. Mnara kila mpira ukitoka nje alishika magoti. Shoto alitupa mara tatu, mara tatu mpira haukugusa hata pete. Wale wafupi wala hawakuharakisha. Waliokota mbili hapa, moja pale, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Ilipobaki dakika moja na kidogo, ubao ulisoma hamsini na nane kwa hamsini na nane.

Mjukuu wangu aliinuka, akamwendea kocha bila kuitwa. Sikuyasikia waliyosema, nilisimuliwa baadaye.

"Kocha, hii zamu yetu."

"Leo hatujazidi thelathini, binti."

"Najua. Lakini wenzetu robo hii hawaijui."

Kocha alimtazama muda mrefu kuliko muda uliokuwapo. Kisha akaomba mapumziko, akawatoa wanne, akamwacha Shoto peke yake kati ya wakubwa. Mnara alikwenda benchi akakaa chini sakafuni, miguu imenyooka, akawekewa taulo usoni.

Basi nikamwona.

Sijui niseme alichezaje, maana mimi mpira siujui sana. Niseme tu kwamba ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele na yeye alikuwa kama mtu anayefagia nyumbani kwake. Aliudunda mpira chini chini, karibu na goti. Wale walipomjia kwa haraka aliwageuzia mgongo, wakasubiri, wakachoka, akampa mwenzake, akarudishiwa. Mkono wake mmoja ulikuwa hewani unawaonyesha wengine pa kusimama. Saa ndogo iliposoma tatu alimpa Shoto, Shoto akatupa, ukaingia. Sitini kwa hamsini na nane. Mama yule jirani yangu akasema, "Huyu mfupi wenu alikuwa wapi tangu asubuhi?" Nikamwambia, "Ni mjukuu wangu." Akaniangalia vizuri, nadhani akafananisha pua.

Wale wakapeleka mpira upande wetu, wakazunguka, wakatupa kutoka mbali. Tatu. Sitini na moja kwao, sitini kwetu. Saa kubwa ya ukumbi ilisema zimebaki sekunde ishirini na mbili.

Mjukuu wangu alikuja na mpira polepole. Hakuna aliyekuwa amekaa tena katika ukumbi ule isipokuwa mimi, nilikuwa naogopa nikisimama nitaondoka. Niliona kupitia kwapa la mtu. Ishirini. Kumi na tano. Msichana aliyekuwa akimlinda aliteleza hatua moja kushoto, na mjukuu wangu akapita kulia, na mbele yake hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtu yeyote. Mpaka kikapuni ilikuwa njia nyeupe, hatua mbili na kuuweka mpira kama unavyoweka kikombe kabatini.

Alipiga hatua moja. Halafu akaurudisha mpira nje.

Sauti iliyotoka katika ukumbi ule sijaisikia tena popote, na nimekwenda mahali pengi. Yeye hakuisikia. Aliudunda, ameinua uso, anatazama saa kubwa. Tisa. Saba. Tano. Alikuwa anangoja tatu. Miaka minne alikuwa ameona njia nyeupe mara mia, na mara mia akaurudisha mpira nje, kwa adabu, na mkono wake haukuwa umefundishwa neno jingine. Ilipofika tatu alimpa Shoto pembeni, pasi nzuri, kifuani kabisa. Shoto akatupa. Mpira ulizunguka pete, ukafikiri, ukatoka.

Sitini na moja kwa sitini. Ndiyo mechi pekee waliyofungwa msimu ule.

Alibaki pale pale uwanjani, mikono kiunoni, wale wafupi wakirukaruka pande zote. Niliona uso wake pale alipoelewa. Haukukunjika. Ulifunguka kidogo tu, kama wa mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Shoto akaja akamkumbatia. Mnara naye akaja, anachechemea, akawakumbatia wote wawili, na kwa urefu wake walipotea humo ndani.

Nilirudishiwa ufunguo wa basi, tukayapita mataa ya mwisho ya mji. Kocha akasimama katikati, ameshika vyuma vya viti.

"Nisikilizeni. Kanuni ni yangu, nimeiweka mimi. Aliyekosa leo ni mimi, nimewafundisha kufunga duka siku za wateja tu. Nisisikie jina la mtu mwingine."

"Kocha," Mnara akasema kutoka nyuma, miguu yake imejaza njia yote, "mimi nimekosa vikapu vinne peke yangu dakika zile. Naomba na mimi nipate sehemu yangu ya lawama, usizichukue zote."

"Na mimi vitatu," akasema Shoto. "Bila kuhesabu ule uliofikiri."

Mmoja akacheka, kisha wawili, kisha wakalia kidogo, kisha wakaanza kulala.

Mjukuu wangu alikuwa kiti chake, nyuma yangu.

"Babu, uliona?"

"Niliona."

"Namba ngapi?"

"Kumi na mbili. Imeshonwa ubavuni kwa uzi mweupe."

"Mama ndiye aliyeshona. Uliona na pale?"

"Na pale niliona."

"Niambie kweli."

"Njia ilikuwa nyeupe, mama. Hapakuwa na mtu. Ungepita mngeshinda."

Alishusha pumzi, ndefu. Nadhani tangu filimbi ya mwisho alikuwa akimngoja mtu atakayemwambia hivyo bila kumpaka asali.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje pale?"

Nikafikiri. "Mimi ningekuwa nimeshatoka nje."

Halafu nikasikia anacheka, kicheko cha puani, kile alichokirithi kwa mama yake, mpaka akaegemeza paji la uso kwenye mgongo wa kiti changu. Alilala hapo hapo. Niliendesha taratibu, maana kila nikikanyaga breki kichwa chake kiligonga.

Kocha alikaa na timu miaka mitatu zaidi. Kanuni ya adabu hakuifuta, ila wakubwa na wafunga duka akawa anawabadilishia robo. Msimu uliofuata walifungwa mechi nne na wakashika nafasi ya tatu. Sasa anafundisha biolojia tu.

Mnara alichukuliwa na timu moja ya nchi ya mbali, akacheza miaka miwili, goti likakataa. Ameolewa, ana mapacha, na ana duka la vifaa vya ujenzi. Shoto ni mwalimu wa shule ya msingi. Chuo cha ualimu walilichukua kombe mara hiyo moja, hawajalichukua tena.

Binti yangu bado ni mkunga, amebakiza miaka kumi kustaafu.

Mjukuu wangu aliingia maabara ya maji mwezi wa pili baada ya mtihani. Kazi yake ni kuchota maji katika mabomba ya mji na kuyapima. Hakucheza tena mpira. Ana mchumba, fundi wa pampu, kijana mpole, anakaa kwenye kochi mpaka nyuma.

Mimi nilikaa mji ule miezi kumi na minne, ndio muda mrefu kuliko wote niliopata kukaa mahali popote. Basi liliharibika injini, chuo kikakodi mengine, nikaondoka. Nililala kwa binti yangu usiku ule, nikaaga asubuhi mezani, yeye na mjukuu wangu wote wawili wapo. Sasa nalinda ghala la saruji, mwendo wa siku moja na nusu kutoka kwao. Nakwenda kwao mara mbili kwa mwaka, kwa siku tisa.